Mstari mzima uwe mwekundu kwa mkulima ambaye hajalipwa

Ndugu yangu wa Tandahimba, umeuliza kwa nini kwenye Excel mstari mzima wa mkulima ambaye hajalipwa haugeuki mwekundu. Rangi inakaa kwenye neno "Bado" tu kwa sababu umechagua kolamu ya malipo peke yake. Chagua jedwali lote la wakulima wa korosho kuanzia A2, halafu Home, Conditional Formatting, New Rule, ile ya mwisho inayotaka fomula. Kama malipo yako kolamu E, andika =$E2="Bado", kisha Format uchague nyekundu.

Alama ya dola ($) ikae kabla ya E tu! Ukibofya seli, Excel hukuwekea $E$2, na hapo mistari yote inamfuata mkulima wa kwanza. Futa hiyo dola ya pili.

Mstari mmojammoja ukigoma, huenda karani aliacha nafasi baada ya neno; weka =TRIM($E2)="Bado". Asirukwe mtu kwenye orodha ya malipo kwa ajili ya nafasi isiyoonekana.