Deep si dark: maneno madogo ya rangi yanayoharibu oda

Ukimwandikia mchapaji au muuza vitambaa kwa Kiingereza, jina la rangi yenyewe halikusumbui sana. Linaloharibu kazi ni neno linalolisindikiza.

Sisi tukisema nyekundu iliyokoza, tunabeba mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga. "Deep" ni rangi iliyoshiba, haikupauka wala kufifia. "Dark" ni iliyoelekea weusi. Kitenge chenye wekundu mkali uliokolea vizuri ni "deep red". Ukiandika "dark red", utaletewa kitu kinachokaribia damu ya mzee, ambayo yenyewe huitwa "maroon".

Vivyo hivyo kwa rangi nyepesi: "light" ina weupe mwingi tu, ila "pale" imepauka. Uso wa mtu ukiitwa "pale", huyo anaumwa au ameshtuka.

Kwa wachoraji, "tint" ni rangi iliyotiwa nyeupe, "shade" imetiwa nyeusi na "tone" imetiwa kijivu. Lakini mitaani "shade" ni namna yoyote ya rangi, hata nyepesi, ndiyo maana "a lighter shade of blue" ni Kiingereza safi kabisa. Kwenye oda usiliache neno hilo peke yake. Liongezee "lighter" au "darker".

Unapochanganya "tint", anza na nyeupe, kisha dondoshea rangi kidogo kidogo. Ukianza na bluu, utamaliza kopo zima la nyeupe kabla haijawa nyepesi. Na usitie nyeusi kwenye njano ukitaka njano nzito: itageuka kijani cha zeituni. Tia kahawia kidogo.

Kiambishi "-ish" kina mtego wa mpangilio. "Bluish green" ni kijani chenye ubuluu. "Greenish blue" ni bluu yenye ukijani. Neno la mwisho ndilo rangi, ilhali kwetu rangi hutangulia. Angalia na tahajia: "bluish" hudondosha e, "reddish" huongeza d.

Wanaotengeneza tovuti wana mtego wao: katika CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, "darkgray" ni #A9A9A9 na "gray" ni #808080, yaani inayoitwa ya giza ndiyo nyepesi zaidi. Majina hayo yalitoka kwenye orodha mbili tofauti zikaunganishwa. Kwa kijivu, andika namba, usiamini jina.