Jibu: Kuchagua moduli za kupakiwa Porteus inapowaka

Ndugu, umesema laptopu uliyonunua mtaa wa Luthuli, Nairobi, ina memori ya GB 1, na hutaki LibreOffice (programu za ofisi) ipakiwe kila unapowasha Porteus, ule mfumo mdogo wa Linux, kwa flashi, ila iwepo siku ukiihitaji. Inawezekana, na huna haja ya kufuta kitu.

Fungua folda ya porteus kwenye flashi. Ndani utaona base, modules na optional. Moduli ni faili ya .xzm yenye programu. Iliyo ndani ya modules hupakiwa yenyewe. Ya optional hungoja kuitwa. Basi hamisha ile faili ya LibreOffice inayoishia na .xzm, uiweke optional. Base usiiguse kabisa: bila 000-kernel na 001-core mfumo hauwaki.

Siku ya kuandika barua, menyu ya kuwashia ikitokea bonyeza Tab, nenda mwisho wa mstari, ruka nafasi, uandike load= na jina kamili la faili, bila nafasi katikati. Zikiwa mbili, zitenganishe kwa nukta mkato (;). Kama umeshawasha, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ukiwa root, yaani msimamizi wa mfumo, uandike activate na njia ya faili hiyo. Itaingia papo hapo.

Lakini angalia kwanza kama huo mstari una copy2ram. Amri hiyo hunakili moduli zote zinazopakiwa kwenye memori, na hapo ndipo GB 1 inapoisha. Laptopu yangu hapa Kayole ilikuwa ikiganda kila mara hadi nilipoiondoa amri hiyo. Bila hiyo, moduli husomwa kutoka kwenye flashi, na usipoitumia haili memori ya maana. Jaribu kuiondoa copy2ram kabla ya kuhamisha chochote, kisha utuambie.