Plaiwudi ya boti: usidanganywe na jina

Shikamoo fundi. Dukani nimeonyeshwa marini bodi nyeusi ya milimita 18. Yafaa kwa boti ya kuvulia? (Msomaji, Likoni)

Marahaba, mwanangu. Iache hapo hapo. Jina ni la bahari, lakini hiyo ni bodi ya kumwagia slabu. Gundi yake huvumilia maji ya zege, lakini ile ngozi nyeusi haishiki vizuri epoksi, ile gundi ya kuchanganya ya sehemu mbili, na bodi moja yafika kilo 30 au zaidi. Kibaya zaidi ni mapengo yaliyofichika katikati ya tabaka. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu hutambaa humo, mbao ikaoza huku nje kwang'aa.

Ulizia yenye muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini. Nyingi ni za okume, mti mwepesi wa Gabon. Bodi ya milimita 6 haizidi sana kilo 9, waibeba peke yako.

Na muhuri ukiwa wa uongo? (Msomaji, Mtwapa)

Huo upo, kwa hivyo amini macho na sufuria. Kagua kingo zote nne. Tabaka ziwe na unene unaokaribiana, bila tundu wala viungo vilivyopandana. Ukiona ngozi ya juu nyembamba kama karatasi na katikati pana tabaka moja nene, ondoka. Kisha nunua bodi moja tu, ukate kipande cha ukubwa wa kiganja, ukichemshe saa moja, ukikaushe, ukichemshe tena. Halafu kipasue kwa patasi. Gundi ikiwa nzuri, mbao huchanika kabla gundi haijaachia. Tabaka zikifumuka zenyewe, umeokoa pesa za bodi nyingine zote.

Boti ya mita tatu na nusu, unene gani? (Msomaji, Mtongwe)

Kama una ramani ya boti, fuata ramani. Kwa kawaida mbavuni ni milimita 6, chini 9. Bodi ina futi 8 tu, hivyo utaunga mbili: chonga ncha zinazokutana ziwe na mteremko wenye urefu wa mara nane ya unene, uzilaze moja juu ya nyingine kwa gundi, yaani milimita 48 kwa bodi ya 6.

Bei imenishinda. Nikipaka faiba juu ya plaiwudi ya kawaida? (Msomaji, Tudor)

Ikiwa ni ya makabati, hapana, dada yangu. Faiba haiponyi gundi mbovu, huificha tu, nawe umo ndani ya boti na watoto. Lakini plaiwudi ya nje yenye gundi ya WBP (yaani inayostahimili hali ya hewa na kuchemshwa), iliyoshinda jaribio la sufuria, yatosha kwa boti ya kutembelea mkono wa bahari hapo Tudor. Usitoke nayo nje ya mwamba. Kingo zipake epoksi mara tatu, maana ndizo zinazonywa maji, kisha rangi juu, kwa kuwa jua huila epoksi. Tena, mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi: boti ikilala nchi kavu, ipindue, uiinue juu ya magogo upepo upite chini.