Maswali na majibu: pete, yadi na kwotabeki bora wa Marekani

Tangu tugusie mpira wa Kimarekani kwenye safu hii, maswali yamekuwa mengi, na karibu yote yanamhusu mtu mmoja uwanjani: kwotabeki. Nimechagua machache. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na kejeli za mashabiki wa Dallas nimewaachia wenyewe.

Nimehamia Columbus, Ohio, na kazini hawana hadithi nyingine. Kwotabeki ni nani hasa, na kwa nini sifa zote apewe yeye? (Msomaji, Columbus)

Pole na ugeni, dada. Kila timu inaingiza watu 11. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wakifaulu wanaanza upya, wakishindwa mpira unahamia kwa wapinzani. Karibu kila jaribio linaanzia mikononi mwa kwotabeki. Ana sekunde mbili tatu za kuamua: ampe mkimbiaji, arushe pasi, au akimbie nao mwenyewe, huku majitu ya kilo 130 yakimjia. Mpira ukifikishwa kwenye ukanda wa mwisho wa wapinzani ni tachidauni, pointi 6. Mlinzi akiidaka pasi kabla ya mlengwa, mpira umepotea na lawama ni za kwotabeki, hata kama kosa ni la mpokeaji.

Ndiyo maana sifa zinamwendea, na pesa pia. Mwaka 2020 Kansas City Chiefs walimpa Patrick Mahomes mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya takriban dola milioni 450.

Mzee, tumalize ubishi: Tom Brady au Joe Montana? (Kijiwe cha kahawa, Tanga)

Ubishi wa kijiweni haumaliziki kwa barua, lakini nitasema ninavyoona.

Brady ana pete 7 za Super Bowl, yaani fainali ya ligi ambayo bingwa wake huvishwa pete, sita akiwa na New England Patriots na moja na Tampa Bay Buccaneers. Hakuna klabu hata moja yenye mataji mengi hivyo. Patriots na Pittsburgh Steelers, walioongoza kwa miaka mingi, waliyapata 6 kila mmoja. Alicheza misimu 23, akastaafu Februari 2023 na yadi 89,214 za pasi na tachidauni 649 katika mechi za kawaida. Na huyu ndiye kijana aliyechaguliwa wa 199 mwaka 2000, klabu zilipogawana wachezaji wa vyuo. Makwotabeki sita walichukuliwa kabla yake. Angekaa benchi sijui hadi lini kama Drew Bledsoe asingeumia vibaya Septemba 2001.

Montana alifika fainali mara nne na San Francisco 49ers, akashinda zote nne. Katika fainali hizo alirusha pasi 122, tachidauni 11, na hakuna hata pasi moja iliyodakwa na wapinzani. Rudieni hapo. Pasi 122, kwenye mechi ambazo mikono ya wenzake ilikuwa inatetemeka.

Januari 1989 Cincinnati Bengals waliongoza 16-13 zikiwa zimebaki dakika tatu na ushei, na 49ers walikuwa na yadi 92 za kwenda, yaani karibu uwanja mzima. Wenzake wanasimulia kwamba kabla ya kuanza aliwaonyesha mwigizaji John Candy amekaa jukwaani, kana kwamba wako matembezini. Akawapeleka pasi baada ya pasi, ya mwisho akamtilia John Taylor ikiwa imebaki sekunde 34. Wakashinda 20-16.

Kwa hiyo: ukinipa mechi moja ya kufa na kupona, nampanga Montana. Ukinipa maisha mazima ya kazi, Brady hana mpinzani. Wanaosema Brady "alipoteza fainali tatu" kana kwamba ni doa wananishangaza. Ya Februari 2018, dhidi ya Philadelphia Eagles, alirusha yadi 505 na bado akafungwa 41-33. Hapo mlitaka afanye nini tena, akakabe?

Dan Marino hana pete hata moja. Kwa nini bado mnamwita mkubwa? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu pete ni ya timu, kaka. Mwaka 1984, msimu wake wa pili tu na Miami Dolphins, Marino alirusha tachidauni 48. Rekodi aliyoikuta ilikuwa 36. Alifikisha yadi 5,084, na kabla yake hakuna aliyewahi kugusa 5,000. Rekodi hiyo ya yadi ilikaa miaka 27, mpaka Drew Brees wa New Orleans alipoivunja mwaka 2011. Fainali aliifikia msimu uleule wa 1984, akakutana na nani? Montana. Wakafungwa 38-16, na ingawa alicheza hadi msimu wa 1999 hakurudi tena.

Sasa mlinganishe na Trent Dilfer. Januari 2001 alitwaa Super Bowl na Baltimore Ravens, timu iliyobebwa na mabeki wake, na baada ya ubingwa huo klabu haikumbakiza. Pete anayo. Sijawahi kukutana na mtu anayemweka mbele ya Marino, na wewe hutathubutu.

Hata pete ya kwanza ya Brady, ile ya Februari 2002 dhidi ya St. Louis Rams, ilipatikana kwa mguu wa Adam Vinatieri aliyepiga mkwaju wa yadi 48 saa ikiisha: 20-17. Ungetoka nje ya milingoti, hadithi ingekuwa nyingine.

Baba yangu husema Johnny Unitas alikuwa zaidi ya hawa wote. Takwimu zake mbona ndogo? (Msomaji, Minneapolis)

Msikilize baba. Unitas alianza na Baltimore Colts mwaka 1956, wakati msimu ulikuwa na mechi 12. Leo ni 17. Zaidi ya hapo, enzi zake mlinzi aliruhusiwa kumsukasuka mpokeaji njia nzima mpaka mpira ufike. Sheria ilibadilishwa mwaka 1978: baada ya yadi 5 mlinzi aachane naye. Mwaka huohuo wanaomkinga kwotabeki wakaruhusiwa kutumia viganja wazi. Pasi zikapata uhai mpya, na takwimu zimepanda tangu hapo. Mtu anayeweka yadi za 1958 na za 2013 kwenye mizani moja anawadhulumu wazee.

Na wazee wenyewe hawakupewa nafasi kwa urahisi. Steelers walimchagua Unitas mwaka 1955 wakamwacha kabla hajacheza mechi ya ligi. Akaenda kucheza mpira wa mtaani Pittsburgh kwa dola 6 kwa mechi. Miaka mitatu baadaye akaiongoza Baltimore kuwafunga New York Giants 23-17 kwa muda wa nyongeza katika fainali ya 1958. Akarusha angalau tachidauni moja katika mechi 47 mfululizo, rekodi iliyodumu tangu 1960 hadi Brees alipoipita mwaka 2012. Bart Starr wa Green Bay naye alichaguliwa wa 200, kisha akatwaa ubingwa mara tano, zikiwemo Super Bowl mbili za kwanza.

Ni kweli weusi walikuwa wanazuiwa kucheza nafasi hii? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kweli tupu. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa wakati huo. Kulikuwa na imani kwamba nafasi ya kufikiri si yao, basi kijana mweusi aliyetoka chuoni kama kwotabeki aliambiwa awe mpokeaji au beki. Marlin Briscoe alianza mechi kama kwotabeki wa Denver mwaka 1968 na akafanya vizuri. Msimu uliofuata alikuwa Buffalo, akipokea pasi badala ya kurusha.

Warren Moon alikataa kubadilishwa. Mwaka 1978 hakuna klabu iliyomchagua, akavuka mpaka kwenda Edmonton, Kanada, akatwaa Kombe la Grey, ubingwa wa ligi ya huko, mara tano mfululizo. Ndipo NFL, ligi kuu ya Marekani, wakamtaka. Pamoja na kuchelewa kwake kote, aliondoka na yadi 49,325, na mwaka 2006 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa kule Canton, Ohio.

Halafu Doug Williams wa Washington, Januari 1988. Siku moja kabla ya fainali alikuwa kwa daktari wa meno kwa saa kadhaa akitibiwa mzizi wa jino. Kwenye robo ya kwanza Washington wako nyuma 10-0, na goti lake likateguka. Akatolewa, akarudi akichechemea. Robo ya pili akarusha tachidauni nne. Washington walipata pointi 35 katika robo hiyo moja na kuwamaliza Denver 42-10, naye akawa mchezaji bora wa fainali. Ilichukua hadi Februari 2023 kwa makwotabeki wawili weusi kuanza Super Bowl moja: Mahomes na Jalen Hurts. Mahomes alishinda 38-35. Miaka miwili baadaye Hurts akalipa, 40-22.

Kwenye takwimu naona alama ya juu kabisa anayoweza kupewa kwotabeki kwa pasi zake ni 158.3. Kwa nini isiwe 100? (Mwalimu wa hesabu, Morogoro)

Mwalimu, fomula inachukua vitu vinne: asilimia ya pasi zilizofika, wastani wa yadi kwa pasi, asilimia ya tachidauni, na asilimia ya pasi zilizodakwa. Kila kimoja kinaweza kutoa hadi 2.375. Jumlisha, gawanya kwa 6, zidisha kwa 100, utapata 158.3 na vichenji. Kasoro yake ni kwamba haihesabu miguu. Lamar Jackson alikimbia yadi 1,206 mwaka 2019 na akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote, lakini fomula hii haikuziona mbio hizo.

Kuna Mwafrika Mashariki aliyewahi kucheza huko? (Msomaji, Kisumu)

Yupo: Daniel Adongo, Mkenya wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Hakuwa kwotabeki, alikuwa wa upande wa kukaba. Kwotabeki wa zamani wa Colts, Peyton Manning, mwenye tuzo 5 za mchezaji bora wa ligi, alikuwa ameshahamia Denver, ambako msimu huohuo alirusha tachidauni 55.

Nataka kuangalia mechi moja tu nielewe. Ipi? Na Super Bowl huku huonyeshwa saa ngapi? (Msomaji, Mombasa)

Saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema.

Mechi: Super Bowl ya Februari 2017, Patriots na Atlanta Falcons. Brady ana miaka 39, kipindi cha kwanza pasi yake imedakwa na Robert Alford aliyekimbia nayo mpaka mwisho, na robo ya tatu ubao unasoma 28-3. Usizime. Subiri robo ya nne, pasi inayogongwa na Alford yuleyule, ikielea hewani katikati ya walinzi watatu, Julian Edelman anajirusha na kuipata vidole kadhaa kutoka kwenye nyasi. Wakasawazisha 28-28, ikawa Super Bowl ya kwanza kwenda muda wa nyongeza, na Falcons hawakuugusa tena mpira. Iliisha 34-28.