Hema lisimame mpaka ndege iwe njiani

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda Antaktika kwa mara ya kwanza, ya kwenda mtaelekezwa vizuri. Mimi nataka kuzungumzia ya kurudi.

Nilikuwa WAIS Divide, kambi ya utafiti wa barafu Antaktika Magharibi, takribani kilomita 1,600 kutoka kituo cha McMurdo. Tuliandikiwa ndege ya Jumanne. Tuliondoka Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Kosa langu lilitokea Jumatatu jioni. Wakati mizigo inafungwa, kwa furaha ya kwenda nyumbani, nilitia sandukuni soksi zangu zote nene na dawa za kipandauso. Sanduku likawekwa chini ya mengine, likafungwa kwa wavu. Usiku ule upepo ukaja na theluji. Siku ya tatu kichwa kinanipasuka, na dawa ziko hatua hamsini kutoka nilipolala, zimefukiwa. Basi dawa, soksi na mfuko wa kulalia visikutoke mkononi, na hema usiling'oe mpaka uambiwe ndege imeshapita pale ambapo haiwezi tena kugeuza. Inageuza kweli. Hukaa angani saa nzima na zaidi, kisha rubani anapewa hali ya hewa mpya anarudi McMurdo. Wenyewe huiita bumarangi.

Mgeni hudhani kinachozuia ndege ni dhoruba tu. Kumbe mara nyingi ni mwanga. Wingu likitanda, mwanga unadunda kati ya wingu na theluji, vivuli vyote vinapotea, mbingu na ardhi zinakuwa kitu kimoja cheupe. Siku moja nilikuwa natembea polepole, macho mbele, nikajikwaa kwenye tuta la theluji lililonifika gotini. Lilikuwa mbele yangu na sikuliona. Sasa mfikirie rubani anayetakiwa kuishusha Hercules ya injini nne, kwa skii, juu ya theluji hiyohiyo.

Ndiyo maana ndege ikitarajiwa, kila saa mtu wa kambini hutoka kuangalia: upepo, wingu liko juu kiasi gani, uso wa theluji unaonekana vipi, mstari wa upeo upo au haupo. Umbali wa kuona tulipima kwa bendera za mianzi zilizosimikwa kando ya njia ya kurukia. Halafu taarifa inatumwa McMurdo.

Ukipewa zamu hiyo, ndugu yangu, iheshimu kuliko kazi nyingine yoyote. Siku ya sita ilikuwa zamu yangu. Nilihesabu bendera, nikaiona ya sita. Moyo ukasita, nikamwita mwenzangu. Akasimama pale pale nilipokuwa, akatazama kwa muda mrefu, akasema ya sita haipo. Nikatazama tena. Haikuwepo. Tukaandika tano, na safari ya siku hiyo ikaahirishwa. Mwenye hamu ya nyumbani macho humletea anachokitaka, kwa hiyo usitoke peke yako kama kuna mtu wa kutoka naye.

Siku za kungoja shika koleo. Mizigo iliyofukiwa haipakiwi, na ndege ikitua haizimi injini. Watu hawatakungoja uchimbe. Vaa nguo zote nzito hata ukiambiwa utakaa ndani: ndege ikiwa imebeba vipande vya barafu vya utafiti, sehemu ya mizigo haipashwi joto ili visiharibike, na nanyi mnakaa humohumo saa tatu na ushee.

Tiketi ya kurudi nyumbani kutoka Christchurch, mji wa New Zealand mnakopitia, nunua inayobadilishika tarehe, hata kama ni ghali. Na nyumbani usitaje siku. Mimi nilimtajia mama siku kwa simu ya setilaiti, akawaita shangazi zangu, wakakaa wakinisubiri na chakula kikapoa. Mwambie utampigia ukishafika McMurdo, basi.