Umbali, mwendo au mhamo?

Swali: Mwalimu, hujambo? Binti yangu yuko sekondari hapa Nakuru na hupenda nimfafanulie fizikia kwa Kiswahili. Kuna urefu wa njia aliyopita mtu, halafu kuna jinsi alivyosogea kutoka pale alipoanzia. Mimi vyote huviita umbali, mara nyingine mwendo. Je, nakosea?

Jibu: Sijambo. Katika mazungumzo hukosei hata kidogo, lakini katika fizikia utamchanganya. Muulize dereva wa matatu umbali wa kutoka Nakuru hadi Kisumu, atakwambia ni kama kilomita 180, kwa sababu anahesabu barabara ya kupitia Kericho. Mwenye ramani na rula atapima mstari ulionyooka apate karibu 150. Wote wamejibu vyema, kwa kuwa neno umbali, tunavyolizoea, halisemi ni njia gani iliyopimwa.

Kwenye fizikia basi, umbali uuache uwe urefu wa njia yenyewe, kona na mizunguko yote ikiwemo. Mwanzoni msaidie kwa kusema "umbali uliopitiwa". Hicho cha pili kiite mhamo. Kitenzi hama hakiulizi ulipitia wapi. Kinataka kujua ulitoka wapi na sasa uko wapi, na ndiyo maana nalipenda neno hili. Uhamisho silipendekezi: linatokana na hamisha, nasi tumelizoea kwa mwalimu anayepelekwa shule nyingine. Uhamaji nao ni tabia ya kuhamahama. Mwendo ndio wa kuepukwa zaidi, kwa sababu "mwendo wa saa mbili" ni safari na "punguza mwendo" ni kasi.

Mhamo haukamiliki bila mwelekeo. Akiandika "mhamo ni kilomita 150" akaishia hapo, jibu ni nusu. Aongeze "kuelekea magharibi, kaskazini kidogo". Umbali hauhitaji nyongeza hiyo.

Mpe hesabu hii. Bodaboda inatoka stejini mita 300 kuelekea mashariki, abiria anakumbuka mzigo, wanarudi mita 120 kwa barabara hiyohiyo iliyonyooka. Umbali uliopitiwa ni 300 + 120, yaani mita 420. Mhamo ni 300 − 120, yaani mita 180 mashariki mwa steji. Wanafunzi wengi hujumlisha pote pawili kwa kuwa wameona tarakimu, wakasahau kwamba kurudi ni mwelekeo hasi. Wakirudi hadi stejini kabisa, umbali ni mita 600 na mhamo ni sifuri. Ukubwa wa mhamo hauwezi kamwe kuuzidi umbali; ukizidi, kuna alama ya kujumlisha au kutoa iliyokosewa. Hulingana tu pale mtu anapokwenda moja kwa moja bila kugeuka.

Upatanisho nao uangaliwe, maana huku kwetu "umbali kubwa" husikika sana: ni umbali mkubwa. Mhamo una wingi: mihamo miwili, mihamo hii.

Akishatenganisha hayo, kasi haitamsumbua. Umbali ukigawanywa kwa muda hutoa mwendokasi wa wastani. Mhamo ukigawanywa kwa muda hutoa kasimwelekeo ya wastani, yaani kasi pamoja na mwelekeo wake. Matatu ikitumia saa 4 kutoka Nakuru hadi Kisumu, mwendokasi wake wa wastani ni kilomita 45 kwa saa, ilhali kasimwelekeo ya wastani ni kilomita 37.5 kwa saa kuelekea magharibi, kaskazini kidogo.