Kabla ya Kutema Mate, Muulize Bibi

Shajara ya ukoo wetu imetundikwa sebuleni kwa ami, Zanzibar. Vizazi kumi na kimoja, majina ya wanaume watupu, na juu kabisa pameandikwa Shiraz, mji wa Uajemi. Nimekulia chini ya karatasi ile. Nilipohamia Uingereza na kuagiza kipimo cha DNA cha kujua asili, kile cha kutemea mate kwenye kichupa, nilitaka tu kinithibitishie niliyokwisha kuyasoma.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Zaidi ya robo tatu ya asili yangu ni Afrika, sehemu kubwa ikielekea Malawi na Msumbiji. Uajemi, Uarabuni na Uhindi zimegawana kilichobaki.

Nikampigia simu dada yake bibi mzaa mama, ambaye sasa kapindukia miaka tisini. Alikuwa akipepeta mchele, nausikia ungo. "Shikamoo bibi. Mama yake mama yenu alikuwa mtu wa wapi?" Ungo ukanyamaza. "Mnyasa yule," akasema, yaani mtu wa upande wa Ziwa Nyasa. "Hatumtaji." Kisha akalitaja jina lake, jina la kiungo cha pilau, kama walivyopewa wajakazi wengi zama zile. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Si mbali hivyo.

Kwa hiyo ukitaka kupima, anza na wazee, na uwaulize habari za wanawake. Wanaume wameshaandikwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Damu ya Uajemi ilionekana kweli, ikianza kuchanganyika yapata mwaka 1000, ila karibu yote iliingia kwa upande wa baba. Mama zao walikuwa Waafrika. Shajara ya ami haisemi uongo, imeacha nusu ya watu.

Asilimia nazo zisome kwa hesabu. Mama yake mama wa bibi yako anakuachia kama asilimia 6 tu. Ukiona robo au nusu yako inatoka sehemu moja, basi hakuwa yeye peke yake. Kuna wengine ambao hawajatajwa. Na usishangae takwimu zikibadilika mwakani, kampuni hulinganisha kila mara na watu wapya.

Ukitaka mstari wa mama mpaka mama, kuna kipimo chake, na mwanamke na mwanamume wote wanaweza kukifanya. Mstari wa baba hupimwa kwa mwanamume tu. Mimi ilibidi nimwombe kaka yangu.

Sisi wa pwani tuna jambo letu jingine: kuoana ndani ya ukoo. Nilipata ndugu Muscat, mjukuu wa kaka yake babu aliyeondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Wajukuu wa ndugu wawili kwa kawaida hushirikiana kama asilimia 3 ya DNA. Sisi tulizidi 6, na kampuni ikatuweka karibu kuliko tulivyo. Tulipokaa na wazee kwenye simu tukajua: babu zetu ni ndugu, na wake zao walikuwa mtu na dada yake. Mashine haikulijua hilo, bibi alilijua.

Sasa lililo zito. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, na kwa neno hilo waliwasitiri watoto wengi. Kipimo hakisitiri mtu. Kabla hujamwomba mama au mjomba ateme mate, mwambie wazi kwamba inaweza kuonekana kuwa baba aliyemlea siye aliyemzaa. Akikataa, mwache. Usimbembeleze.

Linda na taarifa zenu, maana DNA yako ni ya ndugu zako pia. Mwaka huohuo wa 2023 wadukuzi walifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya vipimo vya DNA, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Mimi sikutumia jina langu kamili. Nilikataa sampuli yangu itumike kwenye utafiti, nikapakua faili langu na kulihifadhi mwenyewe.

Ami hajakubali jina la yule Mnyasa liingie kwenye shajara ya sebuleni. Nimeliandika kwenye nakala yangu, kwa wino.